Ukurasa wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Dong Lam, Nghe An
12 Novemba 1996

Shangazi Hoai,

Shikamoo. Huku nyumbani tu wazima, isipokuwa nguruwe mkubwa ana kikohozi. Mama anasema si kikohozi bali wivu, kwa sababu tumenunua mwingine mdogo. Goti la Baba limetulia tangu mvua ipungue. Babu naye ni mzima. Nilimwambia nakuandikia wewe, na hakusema nikusalimu, lakini pia hakusema nisikusalimu.

Shangazi, ukoo umenipa kitabu. Nitakueleza ilivyokuwa. Mwezi wa tisa ukoo wa Cao, ng'ambo ya mfereji, ulimpa binti yao Ngan kitabu cha kuandika programu za kompyuta. Ngan anakaa nyuma yangu darasani. Wazee wetu wa ukoo wa Dau walikaa vikao viwili kulijadili jambo hilo, na katika kikao cha tatu wakamtuma Baba mjini Vinh na maagizo mawili: kitabu kiwe cha kompyuta, na kiwe kigumu kuliko vyote dukani. Baba akarudi na kitabu cha kurasa mia nane sabini. Mzee Sau alikwenda kwa akina Cao kunywa chai, akaupima unene wa kile chao kwa kijiti kwa siri, ikaonekana wametuzidi nusu kidole. Babu akaagiza chetu kivishwe jalada la mbao. Sasa tunawazidi kidole kizima.

Kitabu kinakaa juu ya madhabahu ya mababu katika nyumba ya ukoo. Nikitaka kusoma nawasha udi, nainama mara tatu, kisha nakichukua kwa mikono miwili. Siku ya mwezi mpevu hakitoki.

Katika utangulizi mwandishi anasema kwamba asiyekuwa na kompyuta mbele yake asijisumbue kufungua ukurasa wa kwanza. Shuleni ipo moja, ofisini kwa mwalimu mkuu. Imefunikwa kitambaa kilichotariziwa tausi, na juu ya kitambaa kuna chombo cha maua. Nimeiona mara mbili.

Mwezi wa sita kuna mtihani wa kuingia darasa la kompyuta katika shule maalumu ya mkoa. Nafasi ni ishirini na tano. Nataka sana kupata moja. Sijamwambia mtu mwingine ninavyotaka, kwa sababu hapa kila mtu ameshanitakia kwa sauti kubwa. Wewe ndiye pekee katika ukoo unayefanya kazi hiyo. Je, utanisaidia?

Mwanao,
Mien


Saigon
27 Novemba 1996

Mien,

Marahaba. Msalimie Baba yako na goti lake, Mama yako, na nguruwe wote wawili. Msalimie Mzee Sau na kijiti chake.

Mimi ni mzima. Bado naandika programu ya mishahara kwa kiwanda kinachofungasha kambamiti. Kila mwezi inalipa mishahara sahihi, na kila mwezi watu mia nne wanakuja kuniambia mashine imewaibia. Mwenye nyumba wangu ameongeza kodi kwa sababu amepaka rangi mlango. Mlango wake, si wangu.

Nitakusaidia. Fanya hivi: soma sura moja, jibu maswali ya mwisho, andika programu kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, uipeleke posta. Nitaichapa baada ya kazi kama ulivyoiandika. Sitasahihisha hata alama moja, wala usiniombe. Mashine ikikataa, nitakutumia karatasi ya ilichokisema. Siku kumi kuja, siku kumi kurudi. Pengine hii ndiyo kompyuta ya polepole kuliko zote nchini, lakini sasa unayo.

Na usikariri. Mtu aliyekariri programu ni kama mtu aliyekariri njia ya kwenda sokoni: wakihamisha soko, amepotea.

Shangazi yako,
Hoai


Dong Lam
9 Januari 1997

Shangazi Hoai,

Shikamoo. Nguruwe mkubwa amepona kikohozi siku ileile Mama alipomwonyesha kisu. Baba anaezeka upya jiko. Babu ni mzima, anakunywa chai ya kijani kuanzia alfajiri na hamwambii mtu anachowaza.

Programu yangu ya kwanza imerudi jana. Mashine imesema kuna kosa kwenye mstari wa nne. Niliutazama mstari huo tangu chakula cha mchana hadi kuku walipoingia bandani, kisha nikaona: nilisahau nukta mkato. Mama aliniuliza ni nini kimekuja kutoka Saigon, nikamwambia ni nukta mkato, nimeingoja mwezi mzima. Akauliza kama inaliwa.

Nakutumia tena ya kwanza, pamoja na ya pili na ya tatu.

Sasa jambo la kukariri. Ulisema nisikariri, na kitabu pia kinasema hivyo. Lakini wazee wameamua kunipima kila mwezi, na njia yao ya kupima ni moja, ile iliyomfikisha babu wa babu yake Babu kwenye mtihani wa mfalme. Nasimama katikati ya nyumba ya ukoo. Babu anafungua kitabu popote anapotaka, nami nasema ukurasa huo kwa kichwa. Yeye hufuata kwa kidole. Nikikosea huinua kidole, na Mzee Sau, asiyesikia vizuri sikio la kushoto, hupiga ngoma. Mwezi uliopita Babu aliinua kidole kumfukuza nzi nami nikapigiwa ngoma, na kwa kuwa ngoma ikishalia hairudishwi, nimeandikiwa kosa.

Nimekariri kurasa sitini. Ninazozielewa ni kama ishirini na mbili.

Mama anauliza kama utakuja kwa mwaka mpya wa Tet. Alipouliza, Babu aliinua macho kutoka kwenye kikombe.

Mwanao,
Mien


Saigon
22 Januari 1997

Mien,

Marahaba. Wasalimie Baba na Mama. Pole kwa nguruwe, kwa maana Tet imekaribia na sioni atakavyoepuka.

Programu ya kwanza imekubali. Karatasi hii hapa. Jumla uliyoipata ni sahihi. Ya pili imekubali pia, ila inamsalimu mtu kabla ya kumwuliza jina. Irekebishe. Ya tatu haina mwisho. Iliandika jina lako mpaka karatasi ya printa ikaisha, karatasi ya ofisi nzima. Bosi aliniuliza huyu Mien ni nani. Nikamwambia ni mtu ambaye bado hajafundishwa kusimama. Tafuta mahali ulipopaswa kuiambia mashine "basi", utaona hukuiambia.

Kuhusu wazee: wakitaka ukariri, wakaririe. Asubuhi kwa ajili yao, jioni kwa ajili yako. Lakini usichanganye hizo mbili.

Tet sitaweza kuja. Tiketi za treni zimekwisha.

Shangazi yako,
Hoai


Dong Lam
2 Machi 1997

Shangazi Hoai,

Shikamoo. Tet ilikuwa njema. Mama alifunga mikate ya mchele wa kunata hamsini na miwili, na nguruwe ulimkisia sawasawa. Kaka yake Ngan alikuja kutoka Saigon kwa treni. Alisema alinunua tiketi siku tatu kabla ya safari, na zilikuwa nyingi. Nakuandikia tu kama habari.

Programu ya tatu nimeipatia dawa. Naiambatisha pamoja na nyingine tano.

Shangazi, nina mashaka mawili. La kwanza ni ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Kuna programu inayopanga watu kwa umri, mkubwa awe wa kwanza, mdogo awe wa mwisho. Sina mashine, kwa hiyo niliifuata mstari kwa mstari kwa maharage, kila harage nikalipa umri wake. Kila mara inanitolea jibu la ajabu: harage la mwisho halisogei, hata likiwa kubwa kuliko yote. Nimerudia mara tisa. Mwandishi ni profesa na kitabu ni cha toleo la nne, kwa hiyo mwenye kosa ni mimi. Niliamini nimeanza kuelewa, na sasa naona sielewi chochote. Nililia kidogo, lakini nje, kwa sababu ya kitabu.

La pili ni fomu ya mtihani. Lazima ifike Vinh kabla ya tarehe thelathini Aprili, ikiwa na saini ya mkuu wa familia. Baba anasema nyumba hii ina mkuu mmoja na si yeye. Babu amesema atasaini siku ya mababu, ikiwa nitasema sura ya nane nzima mbele ya ukoo bila ngoma kulia hata mara moja. Ngoma ikilia, ningoje mwaka mwingine. Nilimwambia mwaka mwingine nitakuwa nimepita umri wa kuingia darasa hilo. Akasema basi nisikosee.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne uko katika sura ya nane.

Mwanao,
Mien


Saigon
16 Machi 1997

Mien,

Marahaba. Wasalimie Baba na Mama. Mwambie Mama mkate wake ulifika umevunjika pembe moja tu, nikaula wote siku hiyohiyo nikiwa nimesimama.

Nimeichapa programu ya ukurasa wa mia mbili na kumi na nne kama ilivyo kitabuni. Nikaiendesha. Nikaiendesha tena, kwa sababu hata mimi nilimwamini profesa kuliko maharage yako.

Wewe si mjinga. Kitabu ndicho kimekosea. Orodha ina watu tisa, lakini programu inahesabu hadi wa nane. Wa tisa haiangalii kabisa. Kwake yeye hayupo. Ukiiambia ifike hadi tisa, inapanga vizuri. Matoleo manne, na aliyeliona ni binti mwenye maharage. Siku hiyo nilitembea hadi nyumbani, sikupanda kitu, kwa furaha.

Sasa nisikilize. Siku ya mababu soma kama kilivyochapwa, pamoja na kosa. Sema nane. Upate saini yako uondoke. Nakuambia hivyo mimi niliyekuambia usikariri, wala sioni aibu.

Na jambo jingine. Ikiwa ngoma italia, utapata wazo la kuandika saini ya mtu mwingine kwa mkono wako. Najua litakuja kwa sababu mimi lilinijia, mwaka 1982, na fomu ya chuo mfukoni. Lilifaulu. Limenichukulia Tet kumi na tano. Usilifanye.

Tiketi zilikuwepo.

Hoai


Dong Lam
23 Aprili 1997

Shangazi Hoai,

Shikamoo. Wote ni wazima. Nakuandikia upesi ili barua iondoke na gari la leo.

Juzi ilikuwa siku ya mababu. Watu walijaa mpaka uani, na hata akina Cao wawili walikuja, wakasema wanapita tu. Wanawake walikuwa jikoni, wanaume kwenye mikeka kwa umri wao, na katikati jogoo wa kuchemsha kwenye sinia, kichwa chake kikimngoja mkubwa kuliko wote kama desturi. Babu alisimama mlangoni na kitabu, kwa sababu macho yake yanataka mwanga.

Nilikuwa nimekusudia kukutii. Nilisema kurasa kumi na tatu bila kosa. Nilipofika kwenye mstari ule nilifungua kinywa niseme nane, kikatoka tisa. Mkono wangu ulikuwa umeupanga mstari huo vizuri mara nyingi mno kwa maharage.

Babu akainua kidole. Ngoma ikalia.

Babu akaniambia nirudie. Nikarudia, na safari hii ninajua ninachofanya, nikasema tisa. Ngoma ikalia tena. Baba alikuwa anatazama goti lake.

"Hapa pameandikwa nane," Babu akasema.

"Ndiyo, Babu. Kitabu kimekosea."

Mzee Sau akasema kitabu kimekaa mbele ya mababu miezi sita, na kama kingekuwa na kosa wangeshatuambia. Wengine wakakubali. Babu akasema kwa upole, "Kitabu hiki kimepigwa chapa Hanoi, binti. Wewe umepigwa chapa wapi?" Watu wakacheka, na akina Cao wakacheka kupita wote.

Nikamwomba aniruhusu tukijaribu kwa watu, yeye mwenyewe asome kila mstari, nami nifanye anachosoma tu, nisiongeze la kwangu. Nadhani alikubali kwa sababu ya kule kucheka kwa akina Cao. Walisimama wanaume tisa. Hakuna aliyetaka kusimama chini ya mwenzake, kwa hiyo ilibidi wasimame walipotokea tu, na Babu akawa wa tisa, pale pale mlangoni penye mwanga.

Akasoma. "Mtafute mkubwa kuanzia wa kwanza hadi wa nane." Nikatafuta kuanzia wa kwanza hadi wa nane. Mkubwa alikuwa Mzee Sau, miaka sabini na sita. Kitabu kikasema awekwe mbele, nikamweka mbele. Babu akasoma tena, nikapanga tena, mpaka programu ikasema imemaliza. Wanane walikuwa wamepangika vizuri, kila mtu na umri wake. Babu, mwenye miaka themanini na mmoja, alikuwa amebaki nyuma ya Binamu Duc wa miaka arobaini, karibu na viatu.

Mzee Sau alitazama nyuma, akatazama sinia, akanyoosha mkono kuchukua kichwa cha jogoo.

"Acha," Babu akasema. "Kitabu kimekosea."

Hakuna aliyetaka ushahidi zaidi. Mmoja wa akina Cao alisema kitabu chao huenda nacho kina kosa, na kubwa kuliko letu. Katika daftari la ukoo imeandikwa kwamba kosa la ukurasa wa mia mbili na kumi na nne limegunduliwa na Mzee Dau Trach, yaani Babu, kwa kusimama, na wazee wanamwandikia mchapishaji barua yenye muhuri. Mimi nimeandikwa kuwa nilikuwepo.

Baadaye Babu aliniita, akataka kalamu na fomu. Alisaini polepole, akapuliza wino ukauke. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Mwulize Hoai kama bado anaiandika saini yangu vizuri kuliko mimi."

Kisha akaanza kutafuta kifuniko cha kalamu. Nimekuandikia maneno yake kama yalivyotoka. Fomu imekwenda Vinh.

Mwanao,
Mien


Saigon
5 Mei 1997

Mien,

Marahaba. Barua yako niliifungua kazini, kisha ikanibidi nitoke nje kidogo. Watu wa mishahara walidhani wamenishinda.

Ulifanya nilichokukataza, na nimefurahi kuwa sikuwa karibu kukuzuia.

Ndani ya bahasha kuna kipande kikubwa cha karatasi. Ni vitufe vya kompyuta, nimevichora kwa ukubwa wake halisi, kila herufi mahali pake. Kibandike mezani. Kila siku chapa programu mbili juu yake, kwa vidole vyote, si kimoja. Utajisikia mjinga. Endelea.

Mwambie baba yangu kwamba ile T ya Trach ilinichukua wiki mbili kuipata.

Hoai


Dong Lam
14 Julai 1997

Shangazi Hoai,

Shikamoo. Upepo wa moto wa Lao umeanza kuvuma, kuku wanapumua midomo wazi, na Mama anapika nje. Baba ni mzima. Babu anakusalimu. Ujumbe wako wa T niliusoma mbele yake. Akaniambia niusome tena. Jioni Mama alimkuta amekaa na karatasi, akiandika T moja baada ya nyingine, naye Babu akaghadhibika alipoona ameonekana. Amesema barua hii niikunje vizuri.

Mtihani ulikuwa na maswali matatu. Walituketisha kila mmoja mbele ya mashine. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Vitufe vya karatasi havizami, Shangazi, vya kweli vinazama, na kila kilipozama nilidhani nimekivunja. Nadhani nilipoteza dakika ishirini hivyo. Ngan, aliyekaa mstari wa mbele, aligeuka akanitazama, akanionyesha kwa kidole chake kwamba nibonyeze tu kwa nguvu. Sijawaambia wazee jambo hilo.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi. La pili lilikuwa na namba ambazo hakuna kitabu kilichowahi kuziandika, na hapo nikaona kwamba kurasa zote nilizokariri hazinisaidii hata kidogo. Nikafunga macho, nikamwaga maharage mezani kwa mawazo, nikaanza kuyasogeza. Nililipata. La tatu sikulimaliza.

Matokeo yametoka jana. Ngan ni wa kumi na moja. Mimi ni wa ishirini na nne.

Nimepata, Shangazi. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa.

Wazee walikaa kikao. Mzee Sau aliona ni lazima ieleweke wazi kijijini kwamba ishirini na nne ni zaidi ya kumi na moja, na zaidi kwa kumi na tatu kamili. Ngoma ilipigwa kwa heshima. Akina Cao wameomba kuhesabiwa upya. Mimi sikusema kitu, na nadhani kunyamaza huko ni kosa dogo, lakini nilikuwa na furaha mno kulisahihisha.

Ninaanza tarehe tano Septemba. Kuna kitu kimoja cha mtihani ambacho bado nakiwaza. Nilipoandika programu ya kwanza na kubonyeza, mashine ilinijibu kabla sijainua kidole. Ilisema kosa, mstari wa saba. Nilishtuka, kama mtu anayejibiwa kabla hajamaliza kusalimu. Nimezoea kungoja siku ishirini. Katika siku hizo nilikuwa nauona mstari wenye kosa nikiwa nachota maji, au nikiwa kitandani, nikajua barua itasema nini, na bado nikaingoja.

Sasa nitaambiwa papo hapo kila siku, na sitahitaji mtu wa Saigon aninyime usingizi kwa nukta mkato. Lakini nimekuwekea ndani ya bahasha hii programu mbili mpya, kwa mkono, kwenye karatasi ya mistari. Si lazima uziendeshe.

Mwanao,
Mien